Kupanda hadi ziwa la mlimani: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Viatu vya kukimbilia vitafaa? Nitoke saa ngapi? Maji ya ziwa yanang'aa kama kioo, kwa nini niyachemshe? Na lipo moja ambalo huja baadaye, mtu akisimulia yaliyompata: nilikuwa nimebakiza nusu saa nifike, mawingu yakaanza kujikusanya, nikaendelea. Je, nilikosea?

Nimekuwa nikiyajibu moja moja, sasa nayaweka pamoja. Mwongozo huu ni wa safari ya siku moja, kwenda na kurudi kwa miguu, kwenye njia inayojulikana, hadi ziwa lililo juu ya pale miti inapokomea. Hauhusu kupanda kwa kamba wala kutembea juu ya barafu. Ukiambiwa njia fulani inahitaji kamba, iache kwa sasa.

Kabla ya yote, shika neno hili: ziwa ni nusu ya safari. Ukilifikia, ndipo ulipo mbali zaidi na gari, na kitanda, na msaada wowote, na miguu imeshatumika. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa siku hiyo ni saa ya kugeuka, na uamuzi huo hufanywa nyumbani, mtu akiwa ameketi, ameshiba na kichwa kimetulia. Hatua nyingi zilizo hapa chini zinauzunguka.

Nadharia ni kidogo tu, nayo inakuhusu moja kwa moja. Maziwa mengi ya milimani yamekaa ndani ya mabakuli yaliyochimbwa na barafu za zamani. Ndivyo ilivyo kwa Ziwa Michaelson katika Mlima Kenya na maziwa ya Kitandara katika Rwenzori, na ndivyo ilivyo katika Alps na Andes. Bakuli lina mdomo, na ziwa liko nyuma ya mdomo huo. Maana yake ni mbili: sehemu ya mwisho ya njia mara nyingi ndiyo yenye mwinuko mkali kuliko zote, na ziwa hulioni mpaka umelifikia. Mara nyingi mabakuli yamepangana kama ngazi, moja juu ya jingine, hivyo utapanda ukingo ukidhani umefika, kumbe mbele kuna tambarare na ukingo mwingine. Hapo ndipo watu hukata tamaa, au hukimbia ili wafike, na yote mawili ni hatari.

MAHITAJI

Viatu. Kwa njia nzuri na kavu, viatu vya kukimbilia vyenye soli ya meno hutosha. Kwa njia ya mawe, matope au theluji, tafuta buti za mlimani. Lakini lililo muhimu kuliko aina ni kwamba viatu viwe vimeshazoeana na miguu yako. Vitembelee wiki mbili tatu kabla. Viatu vipya siku ya safari ni malengelenge kabla ya saa mbili za kutembea kwisha. Ukivijaribu dukani, vaa soksi utakazopandia nazo na uhakikishe vidole havigusi mbele hata ukisimama kwenye mteremko.

Nguo za tabaka tatu. Ya ndani inayogusa mwili iwe ya sufu au kitambaa cha kisasa kinachokauka haraka. Ya kati iwe ya joto. Ya nje izuie mvua na upepo. Pamba iache nyumbani, na jinzi zaidi ya yote: ikilowa haikauki, na kitambaa kilicholowa hunyonya joto la mwili huku upepo ukimalizia kazi. Ongeza kofia ya jua, kofia ya joto, glavu, na soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki.

Maji lita mbili angalau, pamoja na njia ya kusafisha mengine utakayoyateka huko. Chakula cha kutafuna njiani, na kingine juu yake ambacho unatarajia kurudi nacho. Ramani ya karatasi na dira. Simu yenye ramani iliyopakuliwa ili ifanye kazi bila mtandao, na pawabenki. Tochi ya kuvaa kichwani yenye betri mpya, hata kama unatarajia kurudi saa nane mchana. Kipenga. Plasta, bendeji na dawa zako za kawaida. Miwani ya jua na krimu ya kujikinga, kwa sababu mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji au maji huirudisha usoni kutoka chini. Blanketi la dharura, lile jepesi linalong'aa kama karatasi ya fedha. Mfuko wa taka. Na fimbo mbili za kutembelea kama unaweza kuzipata; magoti yatakushukuru wakati wa kushuka.

Kuhusu mwili wenyewe: kama huwezi kutembea saa tatu mfululizo ukiwa na begi mgongoni kwenye ardhi ya kawaida, anza na hilo kwa majuma machache. Panda ngazi, panda kilima kilicho karibu, tena na tena. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu au presha azungumze na daktari wake kwanza.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua ziwa linalokufaa, si lile lenye picha nzuri kuliko yote.

Tazama namba mbili: umbali wa kwenda na kurudi, na jumla ya mita utakazopanda. Kwa mara ya kwanza usizidi kilomita 12 kwa jumla na mita 600 au 700 za kupanda. Anayeanza huuliza "ni kilomita ngapi?" na kuishia hapo. Kilomita sita kwenye tambarare ni matembezi ya jioni; kilomita sita zenye mita 700 za kupanda ni kazi ya asubuhi nzima.

Tazama pia ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Kuanzia mita 2,500 hivi baadhi ya watu huanza kuugua kwa sababu ya uhaba wa hewa. Kwenye mita 3,000 kila pumzi inakupa takriban asilimia 70 tu ya oksijeni unayoipata pwani. Kama unaishi chini na ziwa liko juu ya mita 3,000, lala usiku mmoja au miwili mahali pa katikati kwanza. Kuwa na nguvu au ujana hakumkingi mtu. Wakimbiaji hodari huugua pia.

2. Isome njia kwenye ramani kabla hujaikanyaga.

Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ikikaribiana, hapo mwinuko ni mkali. Ikiachana, hapo utapumua. Tia alama mahali vijito vinapokatiza, njia panda, na mahali pa mwisho penye miti, kwa kuwa juu ya hapo hakuna kivuli wala pa kujificha upepo. Ziandike njia panda kwenye karatasi kwa mpangilio: ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Watu wengi hupotea kwenye njia panda waliyoipita wakiongea.

3. Piga hesabu ya muda, kisha weka saa ya kugeuka.

Ipo kanuni ya mwaka 1892 ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, nayo bado inafanya kazi. Kwa vipimo vya leo husemwa hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua ziwa lililo kilomita sita kutoka mwanzo wa njia na mita 600 juu yake. Kilomita sita ni saa moja na dakika 12. Mita 600 ni saa moja. Jumla saa mbili na dakika 12.

Hiyo ni kwa mtu aliyezoea, asiyesimama. Wewe ongeza nusu yake: inakuwa kama saa tatu na dakika 20. Ita saa tatu na nusu. Kushuka kadiria saa mbili na nusu, usikadirie chini ya hapo, kwa kuwa magoti ya anayeanza hushuka polepole kuliko anavyodhani.

Sasa ihesabu siku kwa kurudi nyuma. Kwenye milima mingi radi na mvua huja alasiri, baada ya jua kuipasha ardhi joto na hewa yenye unyevu kupanda. Unataka kuwa umeshaanza kushuka ifikapo saa sita mchana. Basi saa sita ndiyo saa ya kugeuka. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi utafika kama saa tatu na nusu, utakaa ziwani saa moja, na bado una akiba ya kutosha kwa kifundo kilichoteguka au njia iliyokosewa. Ukitoka saa nne kwa sababu mmoja wenu alichelewa kuamka, hesabu inasema wazi kwamba leo si siku ya ziwa. Tembeeni msituni, mrudi siku nyingine.

Saa ya kugeuka ni ya kugeuka popote ulipo. Kama ziwa liko mita 300 mbele na saa imefika, unageuka. Najua inauma. Mwaka wangu wa kwanza tulilifikia ziwa saa kumi jioni, watatu wenye tochi moja, kwa sababu kila tulipoangalia saa tulisema "tumeshakaribia". Tulishuka kwa saa nne njia ambayo mchana ingetuchukua saa mbili: wa mbele anamulika, anapiga hatua tatu, anageuka kummulikia wa nyuma. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo tangu siku hiyo naiandika saa ya kugeuka kwa kalamu mkononi, na kila mmoja kwenye kundi anaikubali kabla hatujafunga kamba za viatu.

4. Angalia hali ya hewa ya mlimani, si ya mjini.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji ukiwa na nyuzi 24 na ziwa likiwa mita 1,500 juu yake, tarajia nyuzi 14 hivi, kabla hujahesabu upepo. Tafuta utabiri wa urefu ule ule wa ziwa. Kama unasema radi kuanzia asubuhi, ahirisha.

Kisha uliza hali ya njia kwa walinzi wa hifadhi au watu waliopita karibuni. Theluji ya msimu uliopita inaweza kubaki kwenye kivuli miezi mingi baada ya bonde kukauka. Uliza pia kama kibali kinahitajika na kama kuna wanyama wa kuangaliwa.

5. Mwachie mtu taarifa.

Mtu mmoja asiyekwenda nawe ajue njia mnayopita, mko wangapi, gari mmeliacha wapi, na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Hiyo saa ya mwisho ndiyo watu husahau kuitaja. "Tutarudi jioni" haimsaidii. "Nisipokupigia kufikia saa moja usiku, piga simu kwa waokoaji, namba hii hapa" inamsaidia.

6. Panga begi usiku.

Vizito karibu na mgongo, koti la mvua juu kabisa, chakula na maji mahali mkono unapofika bila kuvua begi. Nguo za akiba ndani ya plastiki. Chaji kila kitu, ulale mapema.

7. Anza alfajiri, na anza polepole kuliko unavyotaka.

Waongozaji wa Kilimanjaro huwaambia wageni "pole pole" tangu lango la kwanza, na wageni wengi hulielewa neno hilo siku ya tatu. Kipimo ni rahisi: uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, unakwenda mbio. Hatua fupi kwenye mwinuko, mguu wote ukikanyaga chini, mwendo mmoja usiobadilika. Mwendo wa kundi ni wa aliye polepole kuliko wote, naye atembee mbele au wa pili, asiachwe nyuma kabisa. Kosa la kawaida ni hili: walio mbele wanapumzika wakimsubiri, anafika akihema, nao wanaondoka papo hapo. Yeye hajapumzika hata mara moja.

8. Vua kabla ya kutoka jasho, vaa kabla ya kuhisi baridi.

Anza safari ukihisi ubaridi kidogo. Baada ya dakika kumi utakuwa sawa. Ukisimama kupumzika, vaa kitu mara moja, maana jasho hupoa haraka. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya dakika 20 au 30, na utafune kitu kila saa hata kama huna njaa. Juu, hamu ya chakula hupungua wakati mwili unakihitaji zaidi.

9. Kwenye vijito, mawe na theluji, punguza mwendo.

Kijito kinachofika juu ya magoti na kinakwenda kasi, usikivuke. Tafuta sehemu pana, kwa sababu maji yanapotawanyika hupungua kina. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili uweze kulitupa ukianguka, elekea juu yanakotoka maji, songa mguu mmoja baada ya fimbo kushika. Usivue viatu, mawe yana utelezi na maji baridi huifanya miguu ife ganzi. Kijito kinachotokana na barafu huwa kidogo asubuhi na huongezeka alasiri jua likishayeyusha kule juu. Ulichovuka kirahisi ukienda kinaweza kukukatalia ukirudi, hiyo nayo ni sababu ya kuiheshimu saa ya kugeuka.

Kwenye changarawe inayoteleza msitembee mmoja juu ya mwingine. Jiwe likikuponyoka, piga kelele papo hapo. Theluji iliyolala kwenye mteremko, iliyo ngumu na yenye mawe chini yake, ni kizuizi kamili kwa asiye na vifaa na mafunzo: ukiteleza hutasimama mpaka mawe yakusimamishe. Geuka.

10. Jisikilize kadiri unavyopanda.

Kuhema ni kawaida. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida si kawaida ukiwa juu ya mita 2,500. Mwambie mwenzako. Kuficha maumivu ya kichwa ili usiwaharibie wengine siku ndilo kosa linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu anayezidiwa huanza kukosa akili ya kujua kwamba amezidiwa. Nini cha kufanya, soma chini kwenye matatizo.

11. Ukifika ziwani.

Jambo la kwanza ni kuvaa. La pili ni kuangalia saa na kutamka kwa sauti mtaondoka lini. La tatu ni kutazama anga upande unakotoka upepo. Baada ya hapo, kaa. Utafute mwamba mkavu, ule, unyamaze kidogo. Rangi ile ya feruzi utakayoiona kwenye baadhi ya maziwa inatokana na unga laini wa miamba iliyosagwa na barafu, unaoelea majini na kurudisha mwanga wa buluu na kijani. Ndiyo maana hubadilika wingu linapopita juu ya jua. Subiri uone, dakika hizo ndizo zilizonirudisha milimani kila mwaka.

Maji usiyanywe hivi hivi hata yakiwa maangavu. Wanyama wanakunywa humo na kinyesi chao huingia na mvua. Yachemshe mpaka yatokote: juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwenye joto la chini, kama nyuzi 90 tu kwenye mita 3,000. Ukitumia chujio, lizuie lisigande kwa baridi. Likiganda hupasuka ndani bila wewe kuona, na halifai tena. Vidonge vya klorini vinahitaji nusu saa, zaidi maji yakiwa baridi sana, wala haviui vijidudu vyote.

Kuogelea. Hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu watu hufa. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi kubwa asiyoweza kuizuia, na kama kichwa kiko chini, anavuta maji. Mshtuko huo huchukua kama dakika moja kutulia. Ndani ya dakika kumi hivi mikono na miguu huacha kutii, hata kwa muogeleaji mzuri, muda mrefu kabla mwili haujapoa kabisa. Basi usiruke kamwe. Usiingie peke yako. Ingia kwa miguu, polepole, ubaki mahali unaposimama na kichwa kiko nje. Kaa dakika moja au mbili, utoke ungali na nguvu, ujifute, uvae nguo kavu zote. Kama kuna upepo mkali, au huna nguo kavu, chovya miguu tu. Barafu iliyofunika ziwa usiikanyage hata ukiona nyayo za mtu mwingine juu yake.

Krimu na sabuni zisiingie ziwani. Ukihitaji kujisaidia, nenda angalau mita 60 kutoka maji na njia, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, ufukie, na karatasi urudi nayo kwenye mfuko. Tembea juu ya mawe kuliko juu ya mimea, kwani huko msimu wa kukua ni mfupi na jani lililovunjwa na kisigino huchukua miaka kurejea.

12. Shuka kana kwamba safari ndiyo kwanza inaanza.

Wengi huanguka wakishuka: miguu imechoka, akili imeshafika nyumbani. Kaza kamba za viatu upya ili vidole visigonge mbele. Refusha fimbo kidogo. Kunja magoti, hatua fupi, usiruke kutoka jiwe hadi jiwe. Usikate kona za njia kwa kupita katikati ya mteremko. Unalegeza mawe juu ya vichwa vya walio chini, na mvua itaifuata njia yako mpya na kuila ardhi. Kula tena katikati ya mteremko.

MATATIZO NA LA KUFANYA

Kisigino kinachoma. Simama sasa hivi, si kwenye mapumziko yajayo. Vua kiatu, kausha, bandika plasta mahali pekundu kabla lengelenge halijatokea. Dakika tatu hizi huokoa saa tatu.

Kichwa kinauma na tumbo linachafuka. Acha kupanda. Pumzika, kunywa, na kama hali haitulii, shuka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, au kukosa pumzi akiwa ameketi, huo ni uvimbe wa ubongo au maji kwenye mapafu: mshusheni mara moja, msimwache peke yake, mwite msaada mkiwa mnashuka. Dawa za maumivu zinaweza kuficha dalili, zisiwe sababu ya kuendelea juu.

Ukungu umefunga na njia haionekani. Simama. Rudi mpaka alama ya mwisho uliyo na uhakika nayo. Usishuke kwa kukisia kufuata kijito. Vijito vya milimani huishia kwenye maporomoko. Tumia ramani na dira ukiwa ungali unajua ulipo.

Ngurumo. Hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, nawe umo hatarini. Ondoka kwenye migongo ya mlima, mti ulio peke yake na ukingo wa maji. Shuka. Kama huwezi, achaneni umbali wa mita kadhaa, weka fimbo kando, chuchumaa juu ya begi miguu ikiwa pamoja. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mwenzako anatetemeka, anajikwaa, anajibu kwa mkato. Mwili unapoa kupita kiasi. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mvike vikavu, mfunike kwa blanketi la dharura, mpe kitu kitamu na cha moto kama anameza vizuri. Usimpe pombe. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya, siyo nzuri.

Simu inaisha chaji. Baridi hunyonya betri. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili na uiweke kwenye hali ya ndegeni tangu asubuhi.

Mtu ameumia na hawezi kutembea. Mlinde na baridi kutoka chini kwanza: mkalishe juu ya begi na nguo. Piga simu. Kama hakuna mtandao, ishara ya dharura ya milimani ni milio sita ya kipenga, au mimuliko sita ya tochi, ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Jibu ni ishara tatu kwa dakika. Ukiisikia ile ya dharura kutoka kwa wengine, usiendelee na safari yako ukidhani ni watoto wanacheza.

Mawingu yanajikusanya na umebakiza nusu saa. Ndilo swali la mwanzo. Nusu saa ya kupanda ni nusu saa ya ziada ya kushuka pia, kwa hiyo umebakiza saa nzima mahali pasipo na kivuli, chini ya wingu linalokua. Geuka pale pale, hata kama saa sita haijafika.

Na ukishafika kwenye gari, kabla hujavua viatu, mpigie yule uliyemwachia taarifa umwambie mmerudi wote. Akikosa simu yako atafanya ulichomwomba, na watu watapanda usiku kukutafuta wakati wewe umelala.